Daktari, mbona hukuniuliza natembea kiasi gani?

Leo siasa naiweka pembeni. Kuna jambo linanikera kwa muda mrefu na sioni mtu analiandika, kwa hivyo nimeamua kuliandika mie mwenyewe. Ni refu kidogo, chukua chai yako ukae, maana linamuhusu mzee wako, na kama umeshapita miaka 40 linakuhusu na wewe.

Mtu wa Pemba akigundulika ana presha au sukari anapangiwa tarehe za kliniki. Siku yake ikifika anaamka na alfajiri, anapanda gari ya Chake, ya Wete au ya Mkoani, anakaa kwenye foleni, anapimwa presha, anapimwa sukari kama vijiti vya kupimia vipo, anaandikiwa vidonge, anaambiwa "punguza chumvi, punguza mafuta", halafu anapewa tarehe nyengine. Kwisha. Nimewasindikiza wazee kwenye kliniki hizi mara si haba, na suali moja nalisikia kwa nadra sana: "Jee, kwa wiki unatembea siku ngapi?"

Wengi watasema hilo suali la nini, daktari ana watu chungu nzima nje, aanze kupiga soga za matembezi? Hapo ndipo ninapotaka tuelewane. Suali hilo si soga. Likiulizwa vizuri na likafuatiwa na maneno mawili matatu, ni sehemu ya tiba kama kilivyo kidonge. Na kwa hapa kwetu Pemba, kwa sababu nitakazozieleza, neno la daktari juu ya kutembea lina uzito kuliko mabango na redio na bonanza zote ukizichanganya pamoja.

TATIZO LENYEWE NI KUBWA KIASI GANI?

Mwaka 2011 ulifanywa uchunguzi mkubwa wa maradhi yasiyoambukiza Zanzibar, Unguja na Pemba, kwa watu wa miaka 25 mpaka 64. Ulikuta kiasi ya theluthi moja ya watu wazima wana presha ya juu. Theluthi moja! Maana yake kwenye gari ya abiria, kila kiti cha watu watatu, mmoja wao ana presha. Na kwa kuwa presha haiumi, wapo wanaojua baada ya mdomo kwenda upande na mkono kukataa kunyanyuka. Nyote mna jamaa au jirani aliyepooza. Mnajua nyumba inavyokuwa baada ya hapo: mmoja mgonjwa, wawili wauguzaji, na biashara au shamba linakufa.

Sasa zamani wazee wetu walikuwa hawana kliniki ya presha na walikuwa wanakwenda kwa miguu. Kisiwa chetu hichi ni milima na mabonde, hakuna tambarare ya maana. Mtu alishuka bondeni kwenye mpunga, akapanda kilimani kwenye mikarafuu, akachota maji, akatwanga, akaenda sokoni na kapu kichwani. Hakuna aliyekuwa anaita mazoezi, lakini yalikuwa mazoezi. Leo maji yapo bombani kwa waliojaaliwa, mpunga unakobolewa mashineni, na bodaboda inakuchukua mlangoni kwako inakushusha mlangoni kwa mwenzako. Sisemi turudi kutwanga, hasha! Maisha yamerahisika na tumshukuru Mungu. Ninachosema ni kwamba mwili haujaarifiwa kuwa maisha yamerahisika. Unaendelea kula wali na nazi na chapati ukisubiri ile kazi, na kazi haiji.

YALIJULIKANA VIPI HAYA?

Niwape kisa kimoja ambacho madaktari wengi wanakijua na sie wengine hatukijui. Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, pamoja na wenzake, walitoa utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya London. Yale mabasi ya ghorofa mbili. Dereva amekaa kutwa nzima kwenye kiti. Utingo anapanda ngazi na kushuka, juu chini, juu chini, akikata tiketi. Watu hawa wanafanya kazi shirika moja, kwenye basi moja, barabara moja. Wakakuta madereva wanapata maradhi ya moyo zaidi kuliko matingo, na matingo wakiyapata hayawi makali kama ya madereva. Wakatazama na watu wa posta wakakuta mambo yale yale: wanaopeleka barua kwa miguu na kwa baskeli moyo wao uko salama zaidi kuliko wanaokaa ofisini.

Fikirini gari zetu za abiria. Dereva kakaa, utingo ananing'inia mlangoni, anashuka, anapakia magunia juu, anakimbilia gari. Tunamuonea huruma utingo, kumbe upande wa moyo aliye kwenye khatari zaidi ni yule aliyeshika usukani.

Baada ya hapo zikaja tafiti nyingi. Moja ni ya Marekani, iliyotolewa mwaka 2002. Walichukuliwa watu 3,234 ambao sukari yao imeanza kupanda lakini hawajawa wagonjwa. Kundi moja likapewa metformin, ile ile inayotolewa kwenye kliniki zetu. Kundi jengine likasaidiwa kupunguza uzito, kubadilisha chakula na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, zaidi kutembea kwa haraka. Kundi la tatu likapewa vidonge visivyokuwa na dawa. Waliopewa metformin, kuugua kisukari kulipungua kwa asilimia 31. Waliobadilisha maisha, kulipungua kwa asilimia 58. Kwa hao ambao hawajaugua bado, kutembea na kula kwa mpango kulishinda kidonge.

Kwa mwenye presha, kutembea kwa haraka kukizoeleka hushusha ile namba ya juu kwa wastani wa 5 mpaka 8. Inaonekana ndogo, lakini ni karibu sawa na inachofanya dawa moja ya presha.

Na sababu si uchawi. Misuli ikifanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu kama jiko linavyovuta kuni, hata kama insulini ya mwilini imechoka. Mishipa ya damu nayo ikizoea mwendo inalainika na kutanuka, moyo hausukumi kwa nguvu nyingi. Ndo maana faida inakuja hata kama uzito haujapungua. Hili waambieni wale wanaosema "nimetembea mwezi mzima sijakonda, nimeacha". Usiache! Ndani kuna kazi inafanyika ambayo mizani haiioni.

SASA DAKTARI ANAINGIA WAPI?

Mtu atasema, kama ni hivyo basi watu watembee, daktari wa nini? Jawabu ni kuwa kujua na kufanya ni vitu viwili mbali mbali. Sote tunajua, wachache tunafanya. Nchi nyengine zimeligundua hili zikaanza kumtumia daktari na nesi.

New Zealand mwaka 1998 walianzisha utaratibu wa cheti cha kijani. Daktari badala ya kuandika dawa peke yake anaandika na mazoezi: tembea kadhaa, mara kadhaa kwa wiki, na kuna mtu anampigia mgonjwa simu kumuuliza anaendeleaje. Wakaupima utaratibu huo kwa wagonjwa 878, matokeo yakatolewa mwaka 2003. Baada ya mwaka mmoja, kwa kila watu kumi walioandikiwa cheti, mmoja zaidi alifikia saa mbili na nusu za mazoezi kwa wiki, ukilinganisha na wale ambao hawakuandikiwa. Utasema mmoja katika kumi ni kidogo. Lakini hesabu kliniki yako ina watu wangapi, kisha ugawe kwa kumi. Na gharama yake ni kalamu, karatasi, na simu.

Sweden nao wakaanza mwaka 2001 kuandika mazoezi kwenye cheti. Kule California, shirika kubwa la hospitali la Kaiser Permanente mwaka 2009 likaweka masuali mawili kwenye kila ziara ya mgonjwa: kwa wiki unafanya mazoezi siku ngapi, na kila siku dakika ngapi? Nesi anazidisha, anapata namba, anaiandika pale pale anapoandika presha na mapigo ya moyo. Hivyo tu. Hata Shirika la Afya Duniani, kwenye mpango wake wa dunia wa 2018 mpaka 2030 kuhusu mazoezi, linataka wahudumu wa vituo vya afya vya chini wawe wanauliza na kushauri kila wanapoonana na wagonjwa. Kwa hivyo silileti jambo la kubuni hapa.

KWA NINI PEMBA NENO LA DAKTARI LINA UZITO ZAIDI

Hapa ndo pa kusoma kwa makini.

La kwanza, sie tumelelewa kuwa mgonjwa ni wa kupumzika. Mama akigunduliwa presha, watoto wanashindana kumtumikia. Ndoo usinyanyue, jikoni usiingie, sokoni tutakwenda sie. Ni mapenzi, na Mungu awalipe. Lakini mapenzi hayo yanamuweka barazani kutwa, presha inapanda, sukari inapanda, magoti yanakakamaa, na mwisho hata chooni anashikwa mkono. Nani atawaambia watoto wamwache mama yao atembee? Jirani akisema ataambiwa hana huruma. Akisema daktari, watasikia.

La pili ni kina mama. Tuwe wakweli jamani. Mwanamke wa Pemba wa miaka 50 akitoka na baibui lake jioni anatembea tu, hana kapu, hana mtoto mkononi, haendi hitmani wala harusini, anaulizwa na mtaa mzima. "Anakwenda wapi huyo?" Siku ya tatu yameshakuwa maneno. Wengi wanaona bora wakae ndani wahifadhi heshima zao. Maneno mawili tu yanafunga mjadala huo: "Kaniambia daktari." Mume anakubali, wakwe wanakubali, mtaa unanyamaza, na pengine jirani anasema "na mie ntafuatana nawe kesho". Neno la daktari hapo ni ruhusa. Kidonge unaweza kununua duka la dawa, ruhusa hii hainunuliki.

La tatu ni wazee wa kiume. Mzee akionekana anakwenda mwendo wa haraka mikono mitupu, ataulizwa "kuna maiti?" Mazoezi kwetu yana sura ya ujana: jezi, mpira, kiwanja cha Gombani. Hata kampeni zetu ziko hivyo. Disemba 2016 Mama Samia, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya watu kufanya mazoezi Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Na Zanzibar tarehe 1 Januari kuna tamasha la mazoezi ya viungo, vikundi vinakwenda mchakamchaka na fulana za rangi moja. Mambo mazuri sana, siyabezi. Lakini bibi wa Kojani au mzee wa Makangale hajioni kwenye picha ile. Yeye anahitaji mtu anayemjua kwa jina, mwenye daftari lake mkononi, amwambie "hili ni lako".

LAKINI KWANZA AULIZE!

Hapa nawageukia wataalamu wetu. Wakati mwengine ushauri unatolewa, lakini unatolewa kama kaseti: "Fanya mazoezi mama. Mwengine!" Huo si ushauri, ni kumfukuza mtu kwa adabu.

Chukua mwanamke wa Micheweni anayelima mwani. Maji ya bamvua yakitoka yuko baharini na maji ya magotini, kainama anafunga mwani kwenye kamba, kisha anaubeba umbichi na uzito wake mpaka pwani. Akirudi kuna kuni na kupika. Huyu ukimwambia "fanya mazoezi" umemtusi. Pengine anachohitaji ni kuambiwa apumzishe mgongo, anywe maji ya kutosha, na afuate vidonge vyake kwa wakati. Na ukimuuliza zaidi utakuta kumbe siku za maji mafu hana kazi ya mwendo kabisa, siku saba anakaa. Basi hapo ndo pa kumpa matembezi.

Halafu chukua mwenye duka wa Chake. Anakaa nyuma ya kaunta tangu asubuhi mpaka isha, anakuja kwa pikipiki anarudi kwa pikipiki, chakula anapelekewa. Wote wawili wana presha 150 kwa 95. Cheti cha dawa kinaweza kufanana, ushauri wa mwendo hauwezi kufanana hata kidogo. Na mchumaji wa karafuu naye, msimu ukiwepo yuko juu ya mti kutwa, msimu ukisha yuko barazani anacheza bao. Usipouliza huwezi kujua umempata msimu gani.

MAZUNGUMZO YA DAKIKA TATU

Shirika la Afya Duniani linafundisha hatua tano: uliza, shauri, pima kama yuko tayari, msaidie kupanga, na panga kuonana tena. Kwa maneno makavu zinaonekana nyingi. Kwa vitendo ni hivi, mfano nimeutunga mwenyewe:

- Bi mkubwa, presha yako leo 150 kwa 95. Vidonge unakunywa?
- Nakunywa mwanangu.
- Vyema. Na jee, kwa wiki siku ngapi unatembea, ule mwendo wa kukupandisha pumzi?
- Mie natembea wapi na magoti haya? Nikitoka nachukua bodaboda.
- Nyumbani unakaa na nani?
- Na mwanangu na wajukuu.
- Wajukuu wanasoma chuo wapi?
- Hapo nyuma tu, kama dakika kumi.
- Nani anawapeleka?
- Mama yao.
- Basi nakuomba kazi hiyo uichukue wewe. Uwapeleke na urudi, siku tano kwa wiki. Magoti yakiuma punguza mwendo, usikate. Mwendo unayasaidia magoti, kukaa ndo kunayakaza. Utaweza?
- Ntajaribu inshaallah.
- Nakuandikia hapa kwenye daftari. Ukija mwezi ujao ntakuuliza kama ninavyokuuliza vidonge.

Basi. Kwenda dakika kumi, kurudi dakika kumi, mara siku tano, ni dakika 100 kwa wiki kwa mtu aliyekuwa na sifuri. Hakununua raba, hakuvaa suruali, hakwenda kiwanjani, na mtaani hakuna wa kumuuliza anakwenda wapi. Kwa mwanamme inaweza kuwa msikiti: badala ya ule wa karibu na mlango, aende alfajiri na isha ule wa mtaa wa pili. Kwa wa Mkoani, apande kile kilima cha kutoka bandarini kwa miguu wanapomruhusu magoti na pumzi. Kila mtu ana njia yake, kazi ya daktari ni kuitafuta pamoja naye.

Lile neno la mwisho, "ntakuuliza", ndilo lenye nguvu. Mtu anayejua ataulizwa, atafanya. Vidonge vyenyewe tunavimeza kwa sababu tunajua tutaulizwa.

NI KIASI GANI, NA NANI AJIHADHARI

Kwa mtu mzima, Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilisema dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa kati, yaani ule ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Au nusu ya hizo kama ni kazi ya nguvu. Na siku mbili kwa wiki kazi ya kukaza misuli, mfano kubeba, kulima, au kukaa na kusimama kwenye kiti mara kadhaa bila ya kushika. Zamani ilisemwa lazima dakika kumi kwa mpigo ndo zihesabiwe, sharti hilo limeondoshwa, hata dakika tano zinaingia kwenye hesabu. Waliopita miaka 65 waongeze mazoezi ya kujiweka sawa wasianguke. Wajawazito nao wamo, dakika 150, kama mkunga hajaona sababu ya kuwazuia. Na asiyefika huko asikate tamaa, kidogo ni bora kuliko hakuna.

Lakini kuna tahadhari, na hizi ndo sababu nyengine ya kutaka jambo hili lipitie kwa daktari:

1. Presha ikiwa imepanda sana, 180 kwa 110 na kuendelea, kwanza ishushwe kwa dawa. Usianze kukimbia.
2. Mwenye sukari anayechoma insulini, au anayekunywa vidonge vya kuteremsha sukari kama glibenclamide, asitembee na njaa, na abebe kitu kitamu mfukoni. Akitetemeka na kutokwa jasho la baridi, ale mara moja.
3. Mwenye sukari aangalie miguu yake kila siku na avae viatu vinavyomfaa. Kidonda kidogo cha kandambili kimewakata watu miguu.
4. Kifua kikibana, pumzi ikikata au kizunguzungu kikija, simama, nenda hospitali. Usisubiri kesho.
5. Mwezi wa Ramadhani tembea karibu na magharibi au baada ya futari, na mpango wa dawa uupange na daktari kabla ya mwezi kuandama.
6. USIACHE VIDONGE kwa kuwa umeanza kutembea. Anayepunguza dawa ni daktari, si wewe wala jirani yako.

"MNATUPA MAZOEZI KWA KUWA DAWA HAMNA"

Najua wapo watakaoandika hivyo hapo chini, na hawana makosa kuhofu. Mtu ameshawahi kufika kituoni akaambiwa dawa hakuna kanunue, sasa akiambiwa tembea anaona anapigwa chenga. Kwa hivyo nasema wazi: ushauri wa mwendo hauchukui nafasi ya dawa. Kabati likiwa tupu, kabati lijazwe. Mwenye presha ya juu anahitaji vyote viwili, na mtaalamu anayetoa ushauri huu aseme hivyo hivyo kwa mdomo wake, "hii ni juu ya dawa, si badala ya dawa". Bila ya hivyo imani itavunjika, na imani ikivunjika hata lile neno lenye uzito halitokuwa na uzito tena.

Jengine ni muda. Nesi mmoja na wagonjwa tele, dakika tatu anazitoa wapi? Mie nasema si lazima azitoe daktari. Watu wanakaa mabenchini saa nyingi wakisubiri. Anayepima presha anaweza kuuliza yale masuali mawili wakati mkono uko kwenye mashine, akaandika namba kwenye daftari. Daktari akifungua anaiona, anasema neno moja, kwisha. Na wale wahudumu wa kujitolea wa Jamii ni Afya, wanaopita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya mama na mtoto, wameshaingia uani na wameshakaa mkekani. Bibi wa nyumba hiyo yupo pale pale. Wakipewa mafunzo na suali moja la kumuuliza, wameshafika pahala ambapo daktari hafiki.

Jengine barabara. Ni kweli njia zetu nyingi hazina pa kupita mtembea kwa miguu, na bodaboda wanakwenda kama wanafukuzwa. Hilo ni la serikali na tusiache kulisema. Lakini Pemba haijakosa njia za ndani, chini ya mikarafuu na minazi, kivuli tele asubuhi na jioni. Watu wa London wanalipa pesa kupata hewa hiyo.

Na la mwisho liwaguse wataalamu wenyewe, wasinichukie. Tafiti za nje zimeonesha kuwa madaktari wanaofanya mazoezi wenyewe ndio wanaowashauri zaidi wagonjwa wao. Sasa ukimuona daktari wetu anapanda gari kutoka nyumba za wafanyakazi mpaka hospitali ilhali anaiona kwa macho, utajua kwa nini lile suali halimjii mdomoni.

NINACHOKIOMBA

Kwa wizara: ongezeni mstari mmoja kwenye kadi na madaftari ya kliniki za presha na sukari, "siku ngapi, dakika ngapi". Kisichokuwa na mstari hakiandikwi, na kisichoandikwa hakiulizwi.

Kwa manesi na madaktari wetu: tunajua mzigo wenu. Dakika tatu tu, na andikeni kwenye daftari lake kwa kalamu yenu. Maandishi yenu yanaoneshwa nyumba nzima, hamjui tu.

Kwa sie wagonjwa na wasindikizaji: kama huulizwi, uliza wewe. "Daktari, na presha yangu hii naruhusiwa kutembea kiasi gani? Niandikie." Suali hilo halina ubishi wala utovu wa adabu. Na wewe kijana unayempeleka mama kliniki kwa bodaboda ukamrudisha ukamweka barazani, siku nyengine mshushe njia panda mmalizie kwa miguu, umshike mkono kama anataka.

Mwili ni amana jamani, tutaulizwa juu yake. Bora tuanze kuulizwa hapa hapa duniani, na nesi.

Wadau wa Wete, Micheweni, Chake na Mkoani, nataka kujua: kliniki mnayokwenda, mmewahi kuulizwa suali hili? Na manesi mliomo humu, kitu gani kinakuzuieni? Andikeni hapo chini. Matusi ntafuta, hoja ntaziwacha zote hata za kunipinga.

Wassalaam.